Tusiombe bomba kabla ya birika

Wiki jana matatu yetu ilipata pancha Kangemi, kando ya Waiyaki Way. Fundi akawasha kompresa, gurudumu likajaa upepo. Nikiwa Mpwani, nilikumbuka bahari: merikebu zilizozama hufukuliwa kwa nguvu hiyohiyo.

Bomba refu hushushwa hadi chini. Kompresa iliyo chomboni husukuma hewa hadi kwenye mdomo wake. Mapovu yakipanda ndani ya bomba, huvuta maji na mchanga. Mpiga mbizi hupepea mchanga kwa kiganja, bomba likaumeza. Kabla kitu hakijainuliwa, mahali kilipo hupimwa kwa fremu na utepe. Bomba hilo likishikwa na mwenye pupa, humeza ushahidi pamoja na mchanga.

Tunayo mfano nyumbani. Santo António de Tanná, merikebu ya kivita ya Wareno, ilizama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, Waomani wakiwa wameizingira ngome. Kati ya 1977 na 1980, wataalamu wa Makavazi ya Taifa na wenzao kutoka ng'ambo waliifukua. Vitu vingi vilipelekwa ngomeni, lakini kiunzi kilipimwa kisha kikafukiwa tena. Mbao zilizolowa karne tatu zikikauka ovyo husinyaa na kupasuka.

Matatu ilipofika Museum Hill, yaliko makao makuu ya Makavazi, nilijiuliza: Pwani inapaswa kuja hapa kuomba nini? Katiba ya 2010 iliziachia kaunti shughuli za makavazi, lakini turathi zenye umuhimu wa kitaifa zikabaki kwa serikali kuu. Ndiyo maana kila mara tunabishana kuhusu nani mwenye merikebu.

Kwa maoni yangu, ubishi huo unatupotezea wakati. Kompresa na bomba ndiyo sehemu rahisi. Gharama huanza kitu kikishatoka majini: mabirika ya kuondolea chumvi, dawa za kuimarisha mbao, na mtu wa kuvisimamia kwa miaka. Bila hayo, kufukua ni kuharibu.

Kwa hiyo viongozi wetu wakija Nairobi kuzungumzia bajeti, waombe mabirika, maabara na mafunzo kwa vijana wetu wanaoijua bahari tangu utotoni. Hayo yakiwa tayari, bomba tutalipata. Kwa sasa merikebu i salama zaidi chini ya mchanga.