SARUJI PEKE YAKE HAIJENGI

Ndugu wanachama na wanakijiji wote,

Saruji ya darasa imefika. Ni mifuko 48, tumeihesabu mbele ya mashahidi na ipo stoo. Imenunuliwa kwa mahindi yetu na michango yetu. Wapo waliopiga vigelegele wakasema, "Sasa darasa limekwisha." Sisi tunasema bado. Kwanza kila mtu apite ghala la ushirika aitazame sakafu.

Sakafu ile haijamaliza miaka miwili. Leo ukifagia, unafagia sakafu yenyewe. Vumbi linaingia kwenye magunia na panya wamejichimbia. Watu wanasema eti saruji ilikuwa mbovu. Si kweli, jamani. Saruji ilikuwa nzima, wabovu tulikuwa sisi. Mchanga tuliuchota korongoni kwa sababu ni karibu, nao umejaa udongo. Zege lilipokuwa zito kukoroga tukaongeza maji mpaka likawa uji. Kesho yake ilikuwa siku ya mnada, tukaenda wote, zege tukaliacha juani. Kamati ilikuwepo ikanyamaza, na sisi tunaoandika hapa tulikuwemo.

Ghala liliharibika chini, kwenye sakafu. Darasa lina linta juu ya mlango na madirisha, na chini ya linta watakaa watoto wetu. Hapo hakuna kujaribu.

Tumekaa na fundi mwashi, ametueleza haya, na kila mtu ayashike:

1. Mchanga. Utoke mtoni, siyo korongoni. Chukua chupa, tia mchanga nusu, maji na chumvi kijiko kimoja, tikisa, kisha iache masaa matatu. Tope litakaa juu ya mchanga. Mchanga ukiwa vidole 10 na tope likapita kidole 1, mchanga huo uoshwe au uachwe. Udongo unaizuia saruji isishike mchanga na kokoto.

2. Kipimo. Kwa zege la linta, mfuko mmoja wa kilo 50 unachukua mchanga madebe 3 na nusu na kokoto madebe 7. Tupime kwa debe, siyo kwa chepe. Chepe la mtu mwenye njaa na chepe la mtu aliyeshiba si sawa.

3. Maji. Yawe safi, ya kunyweka. Mfuko mmoja unatosheka na lita 25 hivi, yaani debe moja na robo, na mchanga ukiwa umelowa tunapunguza. Maji ya ziada yakikauka yanaacha vitundu ndani ya zege, na vitundu ndiyo udhaifu. Zege likianza kushika lisirudishiwe maji. Likorogwe la kutosha kazi ya saa moja tu.

4. Kumwagilia. Hapa ndipo tulipoanguka. Saruji haigandi kwa kukauka kama udongo, inaganda kwa kula maji. Ikikosa maji siku za mwanzo inakufa njaa. Kwa hiyo zege na matofali vifunikwe magunia au majani ya migomba na vimwagiliwe asubuhi na jioni, siku 7 bila kukosa.

5. Stoo. Mifuko ikae juu ya mbao, isiguse ukuta. Saruji yenye mabonge yasiyovunjika kwa vidole imekufa, isiwekwe kwenye linta.

Kule Kilwa Kisiwani kuna kuta za matumbawe na chokaa zilizojengwa miaka kama 700 iliyopita, na nyingine bado zimesimama. Wazee wale hawakuwa na saruji ya dukani. Walikuwa na uangalifu.

Liko jambo moja zaidi, nalo tunalisema bila kutaja mtu. Wakati wa kujenga ghala, sakafu mpya zilionekana katika nyumba ambazo hazikununua saruji. Debe linalochotwa usiku halionekani mchana, lakini ukuta unalijua. Safari hii ufunguo wa stoo utakaa kwa watu wawili, na kila mfuko unaotoka utaandikwa kwenye daftari. Daftari litakuwa wazi kwa yeyote anayetaka kusoma, na asiyejua kusoma tutamsomea.

Jumamosi saa 12 asubuhi tunaanza kubeba mchanga mtoni. Baada ya kumwaga zege, kila nyumba kumi itakuwa na siku yake ya maji. Na maji siyo kazi ya akina mama peke yao. Vijana, baiskeli mnazo na madumu mnayo.

Mali tumekwisha kuitoa. Kilichobaki ni mchanga safi, maji ya kipimo na siku saba za subira. Hivyo havinunuliwi dukani, vinatoka kwetu wenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hatuna fedha ya kuujenga mara mbili.

Katibu, kwa niaba ya Kamati