Majumba ya Mji Mkongwe yanahitaji msanifu anayeyajua



Nyumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar inapogeuzwa hoteli, ofisi au duka, msanifu majengo huanza na kuta, si na michoro. Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, nazo hupumua: unyevu ukiingia, hutoka. Zikipigwa plasta ya saruji, maji hunaswa ndani, chumvi hubabua rangi, na chokaa iliyo nyuma hugeuka vumbi. Inasikitisha kwamba uharibifu huu hufanywa kwa jina la ukarabati.

Hatari nyingine ni bafu. Sakafu za ghorofani hubebwa na boriti fupi za mikoko, ndiyo maana vyumba vingi ni virefu na vyembamba. Bomba linalovuja polepole huozesha ncha za boriti zilizozama ukutani, pasipoonekana. Msanifu makini hupanga vyoo vya ghorofa zote mahali pamoja, kimoja juu ya kingine, na mabomba huyapitisha pale fundi atakapoyafikia.

Kazi nzuri inawezekana. Zahanati ya Kale ya Mizingani ilikarabatiwa miaka ya 1990 ikapata matumizi mapya, na roshani zake za mbao zingalipo. Kinyume chake, sehemu ya jumba la Beit el Ajaib, humo humo Mji Mkongwe, iliporomoka Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, na watu wakafa.

Kibali cha kubadilisha matumizi kisitolewe kabla msanifu hajawasilisha uchunguzi wa kuta, boriti na paa.