TAHARIRI: Usaili wa supamaketi wataka mjuzi na mhifadhi

Kila inapofunguliwa supamaketi mpya katika miji yetu ya pwani ya Kenya, vijana hujitokeza kwa wingi kuomba kazi. Wamo wenye vyeti vya kidato cha nne, wamo waliohitimu madrasa, na wamo wa vyuo vikuu. Hilo ni la kupongezwa, kwani kutafuta riziki ya halali ni wajibu, wala hakuna aibu katika kupanga bidhaa kwenye rafu. Linalosikitisha ni kwamba wengi huingia kwenye usaili pasi na maandalizi, na wanapoulizwa wanataka kazi gani, jawabu huwa moja: "Kazi yoyote."

Yafaa ieleweke kwamba jawabu hilo, hata likiwa limetoka katika unyenyekevu, halimfai anayeuliza. Yeye ana nafasi maalumu za kujaza: keshia, mpangaji wa rafu, mpokeaji wa bidhaa stoo, mhudumu wa sehemu ya mikate. Nabii Yusuf (a.s.) aliposimama mbele ya mfalme wa Misri hakuomba chochote kitakachopatikana. Aliitaja kazi yenyewe, nayo ni usimamizi wa hazina za nchi, kisha akataja sifa mbili zinazomstahilisha: kwamba yeye ni mhifadhi, na kwamba ni mjuzi. Kumbe mtu kujieleza kwa ukweli mbele ya mwajiri si majivuno. Na sifa hizo mbili ndizo hasa zinazotafutwa na supamaketi.

Tuanze na ujuzi. Kabla ya siku ya usaili, kijana na aende katika duka lenyewe atazame. Aone jinsi maziwa yanayokaribia kwisha muda yanavyowekwa mbele, na yaliyoingia karibuni yakawekwa nyuma, ili yasiharibikie rafuni. Atazame mistari myeusi kwenye pakiti na tarakimu 13 zilizo chini yake. Kampuni zilizosajiliwa Kenya hupewa namba zinazoanza na 616, na za Tanzania 620. Mashine huisoma namba hiyo, na kompyuta ya duka ikaitafutia bei. Ajue kwamba keshia huanza zamu kwa fedha za chenji zilizohesabiwa, na huimaliza kwa kuhesabiwa tena. Ajue pia kwamba tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, malipo ya simu yamekuja na hila zake: ujumbe anaouonesha mteja katika simu yake hautoshi, mpaka malipo yaonekane katika mfumo wa duka.

Ama uhifadhi, huo ndio roho ya biashara hii. Uchumi, iliyoasisiwa mwaka 1975, ilifunga matawi yake ya Tanzania na Uganda mwaka 2015. Nakumatt, iliyokuwa kubwa kuliko zote nchini Kenya, wadai wake waliamua ivunjwe mwaka 2020, baada ya rafu zake kubaki tupu kwa kuwa wasambazaji walikuwa hawalipwi. Madeni yalikuwa ya wakubwa, lakini waliopoteza kazi ni pamoja na wapangaji wa rafu. Faida ya supamaketi katika bidhaa moja ni ndogo mno. Pakiti moja ya sukari ikiibwa, huenda zikauzwa nyingi ndipo hasara hiyo ifidiwe. Kwa hiyo msaili anapouliza, "Utafanya nini ukimwona mwenzako akificha bidhaa?" hafanyi mzaha. Jawabu la muaminifu ni kumfahamisha msimamizi, bila ya kumsitiri mwizi na bila ya kupiga kelele mbele ya wateja.

Uaminifu huo huanzia katika maelezo ya kijana kuhusu nafsi yake. Asidai tajriba asiyokuwa nayo. Lakini aliyeuza katika duka la mjomba wake amekwisha kupima unga, kurudisha chenji na kuandika madeni ya wateja. Hiyo ni tajriba, na aitaje. Wala asimpe mtu yeyote fedha ili apate nafasi, maana kazi iliyofunguliwa kwa rushwa imeharibika tangu mlangoni.

Limebaki jambo moja ambalo wengi hulinyamazia. Supamaketi nyingi huuza vileo, na baadhi huuza nyama ya nguruwe, na keshia hachagui kinachowekwa mbele yake. Kijana na awaulize wanavyuoni mapema, kisha aseme kwa adabu siku ya usaili, na aombe stoo, mboga au vyombo. Vivyo hivyo kuhusu swala na hijabu. Anayenyamaza kisha akagoma wiki ya pili, foleni ya wateja ikimtazama, amemhini mwajiri wake na amemfungia mlango dada au ndugu atakayekuja baada yake.

Wala asiogope kusema. Ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yakataza mtu kunyimwa ajira kwa sababu ya imani yake, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamlinda dhidi ya ubaguzi hata yule ambaye bado anaomba kazi. Sheria hiyo yataka pia mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na mfanyakazi apate walau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Ausome mkataba kabla ya kutia saini.

Kwa wazazi na walimu wenzetu twasema: tusiwaachie vijana hawa mzigo huu peke yao. Darasa moja la jioni, mwalimu akakaa mahali pa msaili na kijana akajieleza, halina gharama yoyote. Tunamuomba Allah awafungulie milango ya halali, na awajaalie kuwa wajuzi na wahifadhi wa watakachokabidhiwa.

Wabillahi tawfiq.