Paka wa uso bapa wanateseka, tusiwazalishe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe dukuduku langu juu ya jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wakaliona dogo. Nalo ni hawa paka wa uso bapa ambao baadhi ya jamaa zetu walioko Ghuba hutuletea kama zawadi.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Kisiwa Panza. Miaka miwili iliyopita dada yangu mkubwa anayeishi Maskati alikuja kututazama, akaniletea paka jike wa Kiajemi, mweupe, mwenye manyoya marefu na vyeti vyake vyote vya chanjo. Huko Oman watu humwita paka wa Kishirazi, na kwa kuwa wengi wetu huku Pemba tunajinasibisha na Shirazi, dada alifanya mzaha kwamba ameniletea jamaa yangu. Watoto walifurahi mno. Uso wake ni duara kama sahani, macho makubwa, na pua imedidimia kati ya macho kama kifungo cha shati. Akilala anakoroma kama mzee, hata majirani wakawa wanakuja jioni kumsikiliza. Nakiri kwamba na mimi nilicheka.

Kicheko kilinikauka ulipoingia msimu wa kaskazi. Joto lilipozidi, paka yule alikuwa akijilaza sakafuni mdomo wazi, mbavu zikipanda na kushuka, hataki kucheza wala kutembea. Machozi yanamtoka kutwa, na yasipofutwa hugeuka ukoko usoni. Ukimwekea samaki kwenye sahani humsukuma kwa uso lakini kumdaka hawezi, mpaka mke wangu amchambulie na kumlundikia. Wakati huo huo paka wetu wa kienyeji wako diko wanawasubiri wavuvi, na usiku wanalinda mpunga.

Kwa kuwa chuo cha ualimu nilisomea sayansi, nilianza kuuliza na kusoma. Nilichokikuta kilinitia haya. Mfupa wa uso wa paka hawa umefupishwa na watu kwa kuchagua wazazi kizazi baada ya kizazi, lakini nyama za ndani hazikupungua kwa kiasi hicho hicho. Ndiyo sababu matundu ya pua yamekuwa finyu, mfereji unaopeleka machozi puani umepindika, meno yamebanana, na macho yamejitokeza nje kiasi kwamba hukwaruzika kwa urahisi. Kukoroma kule tulikokuwa tukikucheka ni taabu ya mnyama anayetafuta hewa. Mwaka 2016 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, walichapisha uchunguzi wa picha za paka pamoja na maelezo ya wenyewe wanaowafuga. Walikuta kwamba kadiri uso unavyokuwa bapa ndivyo matatizo ya kupumua yanavyozidi.

Kuna na ugonjwa wa figo. Mwaka 2004 wataalamu wa Marekani waligundua hitilafu ya urithi inayojaza malengelenge ya maji katika figo za paka wa Kiajemi, na mzazi mmoja tu akiwa nayo, basi kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Uzazi nao ni mgumu, maana vichwa vikubwa vya watoto huweza kukwama. Huko mijini Ulaya paka atapasuliwa. Hapa kisiwani, likitokea usiku, mpaka upate mashua ya kuvuka Chokocho na kisha gari, mnyama atakuwa ameshakufa.

Wapo wanaoniambia, mwalimu, ndivyo alivyoumbwa. Sivyo hata kidogo. Paka wa manyoya marefu waliokuwemo katika maonyesho ya Crystal Palace, London, mwaka 1871 walikuwa na pua kama paka wengine, na picha za zama zile zinaonyesha hivyo. Ubapa huu umezidishwa baadaye na watu waliokuwa wakitafuta uso wa mtoto mchanga kwa mnyama. Na hata huo Uajemi wenyewe una utata, kwa sababu vipimo vya urithi vilivyochapishwa mwaka 2008 vilionyesha kuwa paka huyu wa leo yuko karibu zaidi na paka wa Ulaya Magharibi. Kwa hiyo dada yangu anisamehe, jamaa yangu si Mshirazi.

Sisi tulilelewa na kisa cha yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Kila mtoto wa chuoni anakijua. Paka yule alifungiwa ndani ya nyumba, na mlango ungeweza kufunguliwa. Huyu wa kwangu amefungiwa katika pua yake mwenyewe, nami sina ufunguo.

Wenzetu wameshaanza kuchukua hatua. Sheria ya Ujerumani inakataza kuzalisha wanyama kwa namna itakayowarithisha maumivu, na Uholanzi imeweka kanuni kama hiyo tangu mwaka 2014. Sisi bado tuna kasumba ya kuona kwamba kilichotoka nje ndicho bora. Tunasahau kwamba hata hao wageni walikuja kutafuta paka wa pwani yetu. Mwaka 1978 mkaazi mmoja wa Watamu, Kenya, Jeni Slater, aliwakuta watoto wa paka wa msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao Wagiriama waliwajua zamani kwa jina la khadzonzo, na baadaye wakapelekwa Denmark na kuandikishwa kama kabila la paka. Wana miguu mirefu na pua ya kutosha.

Simlaumu dada, alileta kwa mapenzi. Na paka wetu sitamtupa. Namfuta macho asubuhi kabla ya kwenda skuli, na wakati wa joto namtandikia kitambaa kibichi. Lakini sasa dada amepiga simu kwamba safari ijayo atakuja na dume, tuzalishe na kuuza. Ndugu wote wameafiki, na bei waliyonitajia kwa mtoto mmoja inapita mshahara wangu wa mwezi. Sisemi kwamba sina haja ya fedha, paa langu linavuja. Hata hivyo nimekataa, na wapo nyumbani wanaosema ninaringa kwa sababu ya kusoma.

Ninawaomba bwana mifugo wa Wilaya yetu ya Mkoani walieleze jambo hili redioni, kwani wao watasikilizwa kuliko mimi. Na dada nimemwandikia kwamba kama mzigo wake una nafasi, aniletee vitabu vya hadithi vya wanafunzi. Jibu bado sijapata.

Mwalimu wa Skuli ya Msingi,
Kisiwa Panza, Pemba.