Vyuo vya Dodoma: Tuanze na Paa

Tangu TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na hasa tangu Serikali ilipoanza kuhamia huko kwa vitendo mwaka 2016, mji huo umekuwa wetu sote. Wabunge wa Visiwani wanakutana huko, na vijana wetu wa Unguja na Pemba wanasoma huko. Kwa hiyo hali ya madarasa na mabweni ya Dodoma si shauri la Wagogo peke yao.

Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza mwaka 2007, kikarithi ukumbi wa Chimwaga uliokuwa wa mikutano ya Chama. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kilianza katika majengo ya iliyokuwa Shule ya Sekondari ya Mazengo. Chuo cha Mipango na Chuo cha Madini vina umri mkubwa zaidi. Majengo ya umma ya miaka ile, kwa kawaida, ni ya kuta nyembamba za matofali ya saruji na paa la bati. Bati hupokea joto la mchana upesi na kulishusha vichwani mwa wanafunzi. Na katika usiku wa Juni na Julai hulipoteza upesi vile vile, watu wakatetemeka. Mwanafunzi anayevuja jasho mchana na kujikunyata usiku hawezi kutazamiwa afaulu sawasawa.

Wazee wa Kigogo walilielewa jambo hili bila ya kufundishwa na mtu. Tembe lao lina kuta nene za udongo na paa tambarare la miti lililofunikwa udongo, hata joto la mchana likakawia kupenya. Kwetu sisi, kuta nene za mawe na dari za juu za Mji Mkongwe hufanya kazi iyo hiyo. Hatusemi vyuo virudi kwenye tembe. Tunasema elimu ile irudishwe katika paa la bati: liwekwe dari na tabaka la kuzuia joto chini yake, zifunguliwe njia za hewa, madirisha yapatiwe vivuli, na bati lipakwe rangi nyeupe.

Hayo yakikamilika, ndipo paneli za umeme wa jua zipande juu. Mpango wa kazi usigeuzwe. Kufunga paneli ili kuendesha viyoyozi katika jengo linalopitisha joto ni kutia maji katika pakacha. Lakini jengo lililokingwa vizuri hutosheka na feni, taa na kompyuta, na sehemu kubwa ya mahitaji hayo ni ya mchana, wakati jua lenyewe linawaka. Katika nyanda za kati kiangazi ni kirefu, mvua ni haba, na jua halina msimu wa kukosekana. Chuo Kikuu cha Strathmore cha Nairobi kilifunga juu ya mapaa yake mitambo ya kilowati 600 mwaka 2014. Jambo hili basi si ndoto.

Watakuwapo wa kusema kwamba Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeanza kuzalisha tangu mwaka 2024, hivyo umeme upo. Ni kweli, nasi tunajivunia. Lakini ankara ya umeme hulipwa na chuo kila mwezi, kwa fedha ambazo zingenunua vitabu. Tena sisi wa Visiwani, tuliokaa gizani Unguja tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 kwa hitilafu ya waya wa baharini, tunajua gharama ya kutegemea njia moja tu.

Tunaiomba Wizara ya Elimu itenge fungu la kazi hii katika bajeti, ikianza na majengo makongwe, bila kungoja wafadhili. Kabla ya kupandisha paneli, mbao za paa zikaguliwe kama hazijaliwa na mchwa, na penye asbesto iondolewe kwa kanuni za usalama. Vijana wa VETA wafundishwe kufunga mitambo, kufuta vumbi la kiangazi na kubadilisha betri, kwani paneli huweza kudumu miaka 25 lakini betri haifiki huko. Na kila chuo kiandike matumizi ya umeme ya kabla na ya baada, yatangazwe: mali bila daftari huisha bila habari.

Serikali iliziagiza taasisi zenye watu zaidi ya 100 ziache kupikia kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024. Ikiwa agizo liliweza kufika jikoni, halishindwi kufika paani. Majengo haya ni amana, na kupoteza fedha za umma kwa uzembe ni israfu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi kuta tunazo tayari, kilichobaki ni kuzitunza.