Kioo Kipya Mahali pa Kioo Kizima

Wako watu waaminio kwamba jumba la kale ni kaburi, na kwamba msanii wa leo atiaye mkono ndani yake hulinajisi. Watu hao wamekosea. Walakini wamekosea zaidi wale wadhanio kwamba upya peke yake ni haki ya kuondoa kitu kizima mahali pake.

Kosa la kwanza lilijibiwa mjini Paris mwaka 1964. André Malraux, Waziri wa Utamaduni wa Ufaransa, alikuwa amemwomba Marc Chagall, mzaliwa wa Vitebsk, kuchora dari ya jumba la opera la Garnier. Kelele zilikuwa nyingi. Chagall, mzee wa miaka 77, hakutaka ujira. Wala mchoro wa Lenepveu wa karne ya 19 haukufutwa. Kazi mpya ilifungwa mbele yake juu ya fremu iwezayo kuondolewa. Wa zamani umefichwa, ni kweli, lakini kizazi chochote chaweza kuufunua.

Kosa la pili limefanywa mji huohuo, katika Kanisa Kuu la Notre-Dame. Moto wa tarehe 15 Aprili 2019 uliteketeza paa na mnara, lakini uliviacha salama vioo vya Viollet-le-Duc katika vikanisa vya upande wa kusini. Desemba 2023 Rais Macron alitangaza kwamba madirisha 6 kati ya hayo yatatiwa vioo vya kisasa. Julai 2024 tume ya taifa ya urithi wa majengo ilikataa. Serikali haikusikia, Desemba mwaka huo alichaguliwa mchoraji Claire Tabouret.

Watetezi hudai kwamba kila karne ina haki ya kuacha alama yake. Na wakuu wa kanisa hilohilo, katika karne ya 18, waliona vivyo hivyo: wakitaka mwanga zaidi, waliondoa vioo vingi vya kale vya rangi wakaweka vyeupe. Nani leo awashukuruye? Hudai pia kwamba vioo vitakavyoondolewa vitahifadhiwa. Lakini kioo cha dirisha kilifanywa kwa ajili ya jua na ukuta wake. Ghalani ni mzigo tu.

Lawama si ya msanii, ni ya mwagizaji. Ukuta mtupu na dirisha lililovunjika haviishi duniani. Huko ndiko sanaa mpya iitwe, na iitwe kwa heshima. Wahenga walisema mgeni aje, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji ahame.