Homa juu ya maumivu ya jiwe la figo ni dharura
Makala kuhusu mawe ya figo imeeleza vizuri maumivu, lakini hatari kubwa imepitiwa haraka mno. Jiwe likiziba mrija wa mkojo huku mgonjwa ana homa na kutetemeka, apelekwe hospitali usiku huohuo. Mkojo uliokwama hugeuka usaha, vijidudu huingia kwenye damu, na mtu anaweza kufa. Madaktari hutangulia kuutoa mkojo huo kwa mpira; jiwe husubiri. Mwenye kisukari au figo moja asikae nyumbani akimeza dawa za maumivu za dukani. Na jamani, msiache maziwa kwa kuogopa kwamba kalsiamu yake italeta mawe! Wengi tunaponzwa na chumvi nyingi na kutokunywa maji, hasa madereva wa masafa marefu wanaojinyima maji ili wasisimame njiani.